Sura ya Saba: Njiti Laini

Penseli ilikuwa imelala ndani ya mfuko wa nailoni juu ya meza ya Inspekta, na Sajini alikuwa akiitazama kama mtu anayemtazama mbwa wa jirani.

"Kitu chenyewe ndicho hiki?" akasema. "Watu wanne wamezikwa, mzee wa watu yuko ndani siku ya tano leo, kisa kidude cha mtoto wa shule?"

"Hicho si cha mtoto wa shule. Kinyanyue."

Sajini akaunyanyua mfuko, mkono ukashuka kidogo. "Eh! Ina uzito wa dhambi."

Ilikuwa penseli ya kubonyeza, chuma kitupu tangu kisogo hadi pua, ya aina ile ambayo mchoraji wa zamani aliinunua mara moja tu maishani mwake. Rangi yake nyeusi ilikuwa imelika pale vidole viliposhika miaka nenda miaka rudi, na shaba ilichungulia chini yake. Penye kushikia pamechongwa meno madogo madogo kama ya tupa, ili isiteleze jasho likitoka. Karibu na kofia palikuwa na kidirisha cha kuzungusha, cha kumkumbusha mwenyewe ameweka njiti gani ya risasi: H kwa ngumu, B kwa laini. Kidirisha kilisoma 2H.

Ilikuwa Jumatatu, saa mbili na nusu asubuhi. Saa tisa alasiri jalada lilitakiwa mezani kwa mwendesha mashtaka, na jalada lenyewe lilikuwa limeshiba. Jumanne iliyopita mnara wa tangi la maji uliangukia watu waliokuwa wakichota maji chini yake. Nguzo zake zilipochimbuliwa, pete za nondo zinazozifunga kwa ndani zilikutwa zimeachana kwa milimita 250, wakati kila fundi mwenye akili timamu anajua kwamba mzigo ule ulitaka 150. Mchoro wa asili ulipofunguliwa, nao ulisoma 250. Aliyeuchora ni mzee mmoja ambaye wenzake ofisini walimwita Milimita. Na Milimita mwenyewe, alipoonyeshwa tarakimu ile Alhamisi asubuhi, aliitazama, akachomoa penseli yake mfukoni, akapiga mstari mmoja kwenye ukingo wa gazeti, akautazama mstari ule kwa muda, halafu akamkabidhi askari penseli na kusema, "Nimekosea mimi. Andikeni." Baada ya hapo hakufumbua mdomo tena.

"Mkubwa anasema kesi hii imejifunga yenyewe," Sajini akasema.

"Mlango ukijifunga wenyewe, tazama nyuma yake kuna nani. Lete fomu ya vielelezo. Andika saa."

Sajini akaandika. Inspekta akavaa glavu, akaufungua mfuko, akang'oa kofia ya penseli na kile kifutio kidogo kilichokuwa chini yake kimekauka kama kunde. Akaitikisa penseli juu ya karatasi nyeupe. Njiti tatu zikadondoka. Akaziandikia moja moja: tatu zote zikaacha mstari mwembamba, mkavu, wa rangi ya jivu. Kisha akaandika kwa njiti iliyokuwa tayari puani. Mstari ukatoka mweusi tititi, na alipoupitisha kidole ukatapakaa kama masizi.

"Tumboni ngumu, puani laini," Sajini akasema. "Kinyume kabisa cha mama mkwe wangu."

"Na kidirisha kinasema 2H." Inspekta akaichukua lenzi, akaukunjua mchoro na kuiinamia ile 250. Tano na sifuri zilikuwa za kijivu, zimekaa ndani ya karatasi. Mbili ilikuwa nyeusi, imekaa juu yake. "Aliyeweka njiti hii hakukumbuka kuzungusha kidirisha. Au hakujua kazi yake. Chukua kofia yako, tunatoka."

* * *

Ofisi ya michoro ilikuwa ghorofa ya kwanza, juu ya duka la vioo. Meza ya Milimita ilikuwa dirishani, ubao wake umeinama, rula zimepangwa kwa urefu kama watoto wa mstarini. Meza ya pili ilikuwa na skrini mbili na kijana aliyevaa shati la mikono mifupi. Wenzake walimwita Kompyuta, na hakulikataa jina.

"Uliwahi kuitumia penseli yake?" Inspekta akamwuliza.

"Mara moja, afande, na sirudii hata nikilipwa. Jumatatu ile, kesho yake ndiyo mnara ukaanguka. Saa nne hivi asubuhi. Kalamu yangu ilikauka wino nikamwomba. Akanipa kama mtu anayekupa kichanga umshikie. Dakika tano nyingi, kidole kinaniuma. Ile si penseli, ile ni nyundo. Halafu yale meno yake yanakukwangua ngozi. Yeye anasema ukiizoea huwezi kushika nyingine tena, kwamba uzito wake ndio unaochora, wewe unaielekeza tu. Mimi sikufika huko. Iliniponyoka."

"Ikaangukaje?"

"Kwa pua. Zile hazijui kuanguka kwa mgongo, uzito wote uko mbele. Kile kibomba chembamba kinachotokea njiti kikapinda. Afande, heri mzee angenitukana. Aliiokota tu, akaipuliza, akakaa mpaka saa sita anakinyoosha kwa koleo dogo. Hakikurudi sawa. Tangu siku ile ukiibonyeza imeinama chini, njiti inakatikia ndani. Lazima uielekeze pua juu kwanza, ubonyeze, ndipo uishushe uandike."

"Nani mwingine anajua hilo?"

"Mama wa stoo. Alinicheka mpaka akakohoa."

Inspekta akaitazama ile meza ya dirishani. Taa ya kuandikia ilikuwa imefungwa upande wa kulia. "Huyu ni mtu wa mkono wa kushoto."

"Kabisa. Ndiyo maana hawezi kugusa risasi laini. Wa kushoto anaburuta kiganja juu ya alichokwisha kuandika. Akitumia laini, ifikapo saa sita anafanana na muuza mkaa. Maisha yake yote ni 2H. Sisi tunamtania kwamba hata barua ya posa aliiandika kwa 2H, haikusomeka vizuri, ndiyo maana yule marehemu mkewe akakubali."

Sajini akacheka. Inspekta hakucheka. "Humu ndani nani anatumia laini?"

Kompyuta akashusha sauti na kuonyesha kwa kidevu mlango wa kioo. "Yule mwenye kiyoyozi."

* * *

Injinia mkuu aliwapokea bila kusimama. Juu ya meza yake kulikuwa na michoro ya haraka haraka, mistari minene, myeusi, kama ya mtu anayechora kwa hasira.

"Nilimwambia astaafu," akasema kabla hajaulizwa. "Nilimwambia zaidi ya mara moja. Mzee, dunia imehama. Hakusikia. Sasa ofisi nzima inanuka kwa ajili ya tarakimu moja."

"Sahihi hii hapa chini ya mchoro ni ya nani?"

"Yangu."

"Kwa hiyo uliisoma hiyo tarakimu."

"Afande, mimi natia sahihi michoro mia kwa mwezi."

"Sikuuliza unatia mingapi. Nimeuliza kama uliisoma."

Injinia akavuta kola ya shati. "Namwamini. Nilikuwa namwamini. Mtu anayeitwa Milimita utamkagua nini?"

"Naomba penseli yako."

Akaitoa mfukoni. Ilikuwa laini, 2B, na Sajini akajiweka sawa kitini kama paka aliyesikia sahani. Lakini njiti yake ilikuwa nene kama ya kiberiti. Inspekta akaandika nayo mbili, akaipima kwa lenzi yenye vipimo, akaandika kwenye daftari: milimita mbili. Ile mbili ya kwenye mchoro ilikuwa na unene wa nusu milimita. Njiti ya mtu huyu isingeingia katika penseli ya Milimita hata kwa nyundo.

"Tangu mnara uanguke Jumanne hadi Alhamisi asubuhi ulikuwa wapi?"

"Kwenye kifusi. Mwulize sajini wako, tulilala huko pamoja, ananikoromea."

Sajini akainamisha kichwa. "Ni kweli, afande. Isipokuwa aliyekoroma ni yeye."

Walipotoka, Sajini akasema, "Huyu nilimtaka awe yeye."

"Wengi tulimtaka. Uvivu ni dhambi nyingine, nayo itakuwa na ukurasa wake. Stoo iko wapi?"

* * *

Stoo ya michoro ilikuwa chumba kirefu kisicho na dirisha, rafu zimejaa mikunjo ya karatasi yenye vibandiko. Mwanamke aliyeitunza alikuwa mtu mzima, miwani ikining'inia kifuani kwa kamba ya kiatu, na kitambaa kikavu begani.

"Nakala ngapi zilichapwa za mchoro ule?" Inspekta akauliza.

"Mbili. Zote alikabidhiwa mkandarasi, moja yake, moja ampelekee mwenye mnara. Sasa nasikia zote mbili zimeliwa na maji ya tangi."

"Maji yenye meno," Sajini akanung'unika.

"Na huu wa asili umetoka humu mara ngapi tangu uchorwe?"

Mama wa stoo akafungua daftari kubwa, akashusha kidole. "Mara kumi na moja. Miezi minane. Mara ya mwisho Jumatano saa kumi jioni, aliuchukua mwenyewe akaondoka nao kwake nyumbani. Nilimwambia, kaka, sheria hairuhusu. Akaniambia, dada, watu wanne wamekufa, leo siwezi kulala mpaka nijue kama ni mimi. Ningefanyaje? Nikamwandikia. Alhamisi saa mbili kasoro akaurudisha. Alikuwa mtu mwingine, uso umekunjuka. Akaniambia, nimeutazama jana usiku, si mimi. Sijamaliza kumpa pole askari wenu wakaingia, wakaunyakua mikononi mwangu, wakaufungua mbele yake."

"Akaitazama tarakimu."

"Akaitazama. Mtu aliyetoka kuniambia si mimi!" Akatikisa kichwa. "Nikadhani amechanganyikiwa. Nilimwambia askari wako, yule mwenye ndevu. Akasema mama, wewe ni wa stoo, hukuulizwa."

Inspekta akaandika jambo hilo, akalipigia mstari. "Mchoro unaporudi humu, wewe unaufanyaje?"

"Nautandaza hapa kaunta, naufuta vumbi kwa kitambaa hiki, tena kwa nguvu, ndipo naukunja. Chumba hiki kina vumbi, ukikunja na vumbi linasaga karatasi. Miaka kumi na tisa nafanya hivyo. Michoro ya Milimita haifutiki, risasi yake inaingia ndani. Ya huyo bwana mkubwa nikiifuta inabaki wingu, ananifokea."

"Nionyeshe."

Akauchukua mchoro mmoja wa Injinia, akaupitisha kitambaa mara moja. Mistari ikavimba, ikatoa moshi mweusi pembeni. Inspekta akautandaza ubavuni mwake ule mchoro wa mnara. Mbili ile nyeusi ilikuwa safi, kingo zake zimekatwa kama wembe.

"Mara kumi umeufuta huu."

"Kumi. Ya kumi na moja sikuwahi, mliunyakua."

"Basi mbili hii haijawahi kuonja kitambaa chako."

Mama wa stoo akavaa miwani, akainama, akakaa ameinama. Aliponyanyuka mkono ulikuwa mdomoni. "Imeandikwa baada ya Jumatano saa kumi," akasema. "Imeandikwa mnara ukiwa chini."

"Mzee anaishi na nani?"

"Peke yake tangu afiwe na mkewe. Ila kila Jumatano binti yake humpelekea chakula. Hakosi, hata mvua inyeshe."

Sajini akaacha kuandika. "Binti yake ndiye mke wa mkandarasi."

"Mmoja tu anaye," Mama wa stoo akasema. "Mwalimu wa kuchora. Kampata kwa shida, kamlea kwa shida."

* * *

Nyumba ya mkandarasi ilikuwa na geti la chuma lililopakwa rangi juzi juzi. Mwenye nyumba hakuwapo. Alikuwa kwa wakili wake tangu asubuhi. Mkewe aliwakaribisha sebuleni, ambako michoro ya wanafunzi ilikuwa imeanikwa kwenye uzi ikauke rangi. Alikuwa mwanamke wa miaka thelathini na kitu, mtulivu, mwenye vidole virefu.

"Nilishaandika maelezo Ijumaa, afande," akasema. "Nilieleza kwamba baba macho yake siku hizi hayaoni vizuri."

"Nimeyasoma, Mwalimu. Leo sikuja kwa ajili ya macho. Nataka unipe habari za penseli yake."

Mwalimu akatabasamu kidogo. "Ile? Ile ndiyo iliyonifundisha kazi. Nilikuwa na miaka sita. Asubuhi ilikuwa baridi mkononi kama kijiko. Mwanzo nilikuwa naikandamiza, njiti zinakatika, na njiti zilikuwa ghali. Baba ananiambia, usiisukume, mama, iache itembee kwa uzito wake. Na ukivuta mstari mrefu uizungushe vidoleni taratibu, ili njiti ilike sawasawa. Hata leo nawafundisha watoto hivyo hivyo, ila wao wana vipenseli vya plastiki, unaelewa, vinakatika kama biskuti."

"Mara ya mwisho kuishika ni lini?"

"Ah, zamani. Nikiwa shule. Miaka ishirini, haipungui."

"Inanisumbua," Inspekta akasema. Akaitoa penseli katika mfuko wake wa nailoni, Sajini akiandika saa, akaweka karatasi gotini. "Mkubwa anataka mfano wa mstari wake, nami kila nikijaribu inanigomea."

Akaibonyeza pua ikitazama chini. Njiti ikakatikia ndani, kipande kikadondoka. Akabonyeza tena, ikakatika. Mara ya tatu akaitikisa, akaibonyeza kwa nguvu, kama mtu anayebonyeza kengele ya nyumba isiyofunguliwa.

Mwalimu alikuwa akitazama jinsi mwalimu anavyomtazama mwanafunzi anayekosea jambo jepesi. Mara ya nne hakuvumilia. "Hapana, afande, unaiua. Lete." Akaitwaa. "Iinue pua juu kwanza. Hivi. Bonyeza. Sasa ishushe." Akapiga mstari karatasini, mrefu, umenyooka, penseli ikizunguka vidoleni mwake. "Umeona?"

"Nimeona. Ndivyo ilivyokuwa tangu zamani?"

"Ndiyo. Ina tabia zake, ilikuwa hivyo tangu mimi mdogo."

"Iliangushwa Jumatatu ya wiki iliyopita, saa nne asubuhi," Inspekta akasema. "Kabla ya hapo ilikuwa ikibonyezwa vyovyote."

Mwalimu akaiweka penseli mezani polepole, mbali naye.

"Labda ni baba aliniambia."

"Umesema tangu wewe mdogo."

"Nimechanganya."

"Sajini, kile kikopo pale kwenye kabati, kando ya brashi. Kisome kibandiko."

"Njiti za risasi," Sajini akasoma. "Nusu milimita. 2B."

Mtaani mtu alipita akipiga honi. Mwalimu alikuwa amevitazama vidole vyake, na kwenye kidole gumba palikuwa na alama nyeusi ya mstari alioupiga sasa hivi.

"Yule alinipigia magoti," akasema. "Mume wangu. Hapa hapa, mbele ya watoto wake. Alisema aliachanisha pete kwa sababu nondo hazikutosha, na alitaka amalize kabla ya mvua. Alisema mkandarasi akikosea ni jela, mchoraji akikosea ni bahati mbaya ya kazini, watamstaafisha tu, na kustaafu alikwisha kukaribia. Nikaenda na chakula kama kawaida. Baba aliniambia, nimekagua, mama, nimeandika 150, mimi sikuua mtu. Alikula vizuri siku ile. Akasinzia kwenye kiti. Mchoro ulikuwa wazi mezani na penseli juu yake."

"Ukafuta moja."

"Haikufutika vizuri. Mkono wake ule, 2H, imechimba. Ukiandika juu yake kwa 2H nyingine yote mawili yanaonekana. Ndiyo nikaweka njiti yangu. Ya kwanza ikakatika, ya pili ikakatika, mpaka nikagundua ya kuinua pua."

"Mwalimu, Alhamisi alikamatwa. Ijumaa ulikuja kituoni kwa miguu yako ukaandika habari za macho yake. Ijumaa hiyo ulikuwa unajua kwamba hastaafishwi? Kwamba ni kesi ya kuua?"

Mwalimu akaifuta ile alama ya kidole gumba kwenye nguo.

"Jibu liingie kwenye maelezo."

"Nilijua," akasema Mwalimu. Kisha haraka, kama mtu anayelipa nauli: "Nina watoto watatu, afande. Baba amekwisha kuishi."

* * *

Walipofika kituoni ilikuwa saa nane. Mkandarasi alikuwa ameshachukuliwa kutoka kwa wakili wake, na maelezo yake yalikuwa mezani, wino haujakauka. Mstari wa pili ulisomeka: Sihusiki na jambo ambalo mke wangu alimfanyia baba yake mwenyewe. Sajini aliusoma, akaenda mlangoni kutema mate.

Milimita aliletwa chumba cha mahojiano. Alikuwa mwembamba, ndevu za siku tano zimemchomoza nyeupe, na alikaa wima kama aliyepigiwa rula. Inspekta akamwekea kalamu na karatasi.

"Andika jina lako, mzee."

Akaandika. Kwa mkono wa kushoto, kiganja kikifuata nyuma ya maneno.

"Njiti iliyoandika mbili ile ilikuwa laini. Ungeshika wewe, ukingo wa kiganja chako ungeiburuta. Haikuburutwa. Na Alhamisi asubuhi hukuitazama tarakimu kwa ajili ya tarakimu. Ulipiga mstari gazetini ujue penseli yako imelishwa njiti ya nani. Tangu hapo unadanganya."

"Nimesema nimekosea mimi."

"Binti yako amekiri."

Mzee akafumba macho, akayafumbua. "Mwanangu, una baba?"

"Alikufa."

"Basi huwezi kuelewa hesabu yangu. Mimi nina miaka sitini na nane. Yeye ana watoto watatu, mdogo hajaanza shule. Weka hapa, weka pale, pima mwenyewe. Aliogopa. Mtu akiogopa, mkono si wake. Acha maelezo yangu kama yalivyo, saa tisa haijafika. Mchana mmoja tu nakuomba."

"Yapo maelezo mengine," Inspekta akasema. Akafungua jalada, akatoa ukurasa, akausoma kwa sauti ile ile anayosomea orodha ya vielelezo. "'Baba yangu macho yake yamekuwa mabovu kwa muda wa mwaka mzima. Hutazama tarakimu moja akaandika nyingine. Mara kadhaa nimemkuta amekosea hata kuhesabu sahani. Naamini kosa la mchoro ni lake, na kwa maoni yangu hakustahili kuachiwa kazi ile.'"

Kwenye korido mtu alikuwa akiburuta benchi.

"Rudia hapo kwenye sahani," mzee akasema.

Akarudia.

"Aliandika siku gani?"

"Ijumaa. Saa nne asubuhi."

Mzee akahesabu kwa vidole juu ya meza. "Jumatano. Alhamisi. Ijumaa." Akakibakiza kile cha tatu kimeinuka. "Jumatano aliogopa. Hofu naijua, hofu inasameheka. Ijumaa je?"

Mzee akaivuta ile karatasi yenye jina lake, akaandika chini yake, kwa mwandiko mdogo ulionyooka: Sikukosea. Niliandika 150. Akaweka tarehe, akatia sahihi, akasukuma karatasi mbele.

Saa tisa kasoro dakika kumi walikuwa kaunta. Utaratibu wa kituo ulikuwa kwamba mtu wa umri ule, akiwa amelala ndani zaidi ya siku tatu, hatolewi mlangoni peke yake. Hukabidhiwa kwa ndugu, na ndugu hutia sahihi. Sajini alikuwa ameifungua fomu ya kuachiwa, ameshajaza jina, umri na mshipi mmoja wa suruali uliorudishwa.

"Ndugu wa karibu wa kukupokea, mzee?"

Mlango wa mbele ukafunguliwa. Mwalimu aliingia katikati ya askari wawili wa kike, mtandio umemteleza begani na hana mkono wa kuurudisha. Alipomwona baba yake akasimama, na askari nao wakasimama, kwa sababu hata wao walikuwa watoto wa watu.

"Shikamoo, baba."

Askari mmoja akatazama sakafu. Mzee alikuwa amegeuka. Akamtazama mwanawe kuanzia usoni hadi miguuni, bila haraka, kama anavyokagua mchoro wa mtu mwingine kabla ya kuupitisha au kuurudisha. Kisha akageuka tena kaunta.

"Andika hana," akamwambia Sajini.

"Mzee, hapa panatakiwa jina. Angalau la—"

"Nimetazama vizuri, kijana. Hana."

Sajini akaandika.